Mashine hujifunzaje? Jibu liko kwenye jani la muhogo

Muhogo una ugonjwa mmoja wenye hila kuliko mingine yote. Mmea unasimama wima, majani ya juu ni ya kijani, na mkulima anapita shambani akiamini mwaka huu watoto wake hawatalala njaa. Siku ya kung'oa ndipo anapokuta mizizi imeoza kwa ndani, ina madoa makavu ya kahawia, haifai kuchemshwa wala kusagwa unga. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Aliyeuandika kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi, mwaka 1936, ni H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani kwenye milima ya Usambara. Mwaka 1894, pia kutoka Usambara, Mjerumani Otto Warburg alikuwa ameshaueleza ugonjwa wa batobato. Kwa hiyo maadui wawili wakubwa wa muhogo barani Afrika waliingia katika vitabu vya sayansi kupitia ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Dalili za michirizi zipo, ila zimejificha. Majani ya chini yaliyokomaa huanza kupata umanjano unaofuata mishipa ya jani, na umanjano huo unafanana mno na ule wa jani linalozeeka. Batobato ina afadhali: jani hujikunja na kupauka kwa mabaka, na hata mtoto wa shule ataona kuna tatizo. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, wadudu wadogo wanaokaa upande wa chini wa majani. Husafiri pia kwenye vipande vya shina ambavyo wakulima hugawana kama mbegu, na jirani mwema anaweza kumkabidhi mwenzake ugonjwa pamoja na mbegu bila yeyote kati yao kujua.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani na wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kanda za Joto, IITA, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Walipiga picha za majani ya muhogo kwa kamera ya kawaida ya dijitali, wakakusanya picha 2,756 zilizoonyesha magonjwa matatu, uharibifu wa aina mbili za utitiri, na majani yasiyo na tatizo. Kisha wakaiacha kompyuta ijifunze kuyatofautisha. Ilipopimwa kwa picha ambazo haikuwahi kuonyeshwa, ilipatia kwa asilimia 93. Kutokana na juhudi za namna hiyo ikapatikana Nuru, programu ya simu ambayo mkulima anaitumia akiwa katikati ya shamba, hata pasipo na intaneti.

Teknolojia iliyo nyuma ya Nuru inaitwa ujifunzaji wa mashine. Ndiyo inayoendesha pia programu za kutafsiri lugha, kamera zinazotambua sura, mikopo ya simu na mifumo ya mazungumzo ambayo vijana wengi sasa wanaitumia kufanyia kazi za shule. Watu huizungumzia kwa hofu au kwa kuistaajabia, kana kwamba ni uganga. Msingi wake unaweza kueleweka na mtu yeyote aliyewahi kushika jani la muhogo.

Kwa miongo mingi kompyuta ilifanya kile tu ilichoandikiwa. Mtaalamu alikaa chini akaandika masharti: mshahara ukizidi kiwango hiki, kata kodi hii, salio likiwa pungufu, kataa malipo. Kwa mambo ya hesabu njia hiyo inafaa sana hadi leo. Lakini jaribu kuandika masharti ya jani lenye michirizi. Utasema: jani likiwa na umanjano kwa zaidi ya theluthi moja, ni gonjwa. Hapo hapo jani linalozeeka litaitwa gonjwa, na jani la mmea uliokosa mbolea pia. Utaongeza sharti kwamba umanjano ufuate mishipa. Je, kompyuta itajuaje mshipa ni upi? Na kivuli cha jani la jirani? Na jua la saa sita linalong'arisha kila kitu? Masharti yataongezeka hadi mwandishi wake mwenyewe ashindwe kuyasimamia.

Ujifunzaji wa mashine unaligeuza zoezi zima. Badala ya kuipa kompyuta masharti, unaipa mifano mingi, kila mfano ukiwa na jibu lake: hii ni batobato, hii ni michirizi, hili ni jani lenye afya. Kazi ya kompyuta ni kutafuta yenyewe uhusiano kati ya picha na jibu.

Inautafutaje? Kwanza, kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba. Kila nukta ya picha, yaani pikseli, ina namba tatu zinazoeleza kiasi cha rangi nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba hizo huingizwa kwenye fomula ndefu sana inayoitwa modeli, na upande wa pili hutoka jibu katika sura ya uwezekano: asilimia kadhaa batobato, asilimia kadhaa michirizi, na kadhalika. Ndani ya fomula zimo namba nyingine ambazo zinaweza kuongezwa au kupunguzwa. Hizo ndizo vigezo, na kujifunza kote kunafanyika kwenye vigezo hivyo. Fikiria redio ya zamani yenye kitufe cha kutafutia stesheni. Msikilizaji huzungusha kidogo na kutega sikio. Kelele zikizidi anarudi nyuma, zikipungua anaendelea. Modeli iliyotumika kwa picha za Bagamoyo ina vitufe vya namna hiyo zaidi ya milioni 20, na hisabati ndiyo inayoonyesha kila kimoja kizungushwe upande gani na kwa kiasi gani.

Tuseme modeli imeonyeshwa picha ya jani lenye michirizi, nayo ikatoa jibu kwamba uwezekano wa michirizi ni asilimia 20 tu. Mtaalamu alishaandika pembeni ya picha kwamba hiyo ni michirizi. Umbali kati ya jibu la modeli na jibu la mtaalamu unapimwa kwa namba, na hilo ndilo kosa. Kisha vigezo vyote vinarekebishwa kidogo mno, kuelekea upande utakaopunguza kosa hilo. Picha inayofuata, hivyo hivyo. Baada ya maelfu ya mizunguko, makosa yanapungua, na modeli inaanza kupatia.

Hakuna mahali popote ambapo mtu ameiandikia kompyuta maelezo ya michirizi ya kahawia. Wala kompyuta haijui muhogo ni nini, haijui njaa, haijui mkulima. Inachojua ni kwamba mpangilio fulani wa namba huambatana na jibu fulani. Na jibu hilo limetoka kwa binadamu aliyeinama, akaangalia jani kwa macho yake na kuamua. Mwanzoni mwa kila mashine iliyofundishwa kwa njia hii kuna watu wa namna hiyo, na ni kosa kubwa kuwasahau.

Msomaji makini atauliza: picha 2,756 zinatoshaje kurekebisha vigezo milioni 20? Hazitoshi. Watafiti walianza na modeli ya Google iitwayo Inception, ambayo ilikuwa imeshafundishwa kwa zaidi ya picha milioni moja za vitu vya kila aina kutoka hazina iitwayo ImageNet. Hazina hiyo ilianzishwa na Profesa Fei-Fei Li na wenzake na kutambulishwa mwaka 2009. Modeli iliyopita hapo tayari inatambua kingo, mistari, madoa na mikunjo, hivyo kinachobaki ni kuielekeza kwenye majani. ImageNet ndiyo pia iliyobadilisha historia ya fani hii. Katika shindano lake la mwaka 2012, kundi la Chuo Kikuu cha Toronto lilifundisha mtandao wa neva, yaani modeli ya namna ile ile tuliyoieleza, kwa picha milioni 1.2. Kosa lilihesabiwa pale jibu sahihi lilipokosekana katika makisio matano ya kwanza ya kompyuta. Kundi hilo lilikosea kwa asilimia 15.3, na lililolifuata lilikosea kwa asilimia 26.2. Tangu siku hiyo maabara nyingi duniani ziliacha njia za zamani.

Mtandao wa neva wenyewe si jambo jipya. Mmarekani Frank Rosenblatt alionyesha mmoja unaojifunza mwaka 1958, ukitofautisha kadi zilizowekwa alama kushoto na zile za kulia. Kilichokosekana kwa zaidi ya nusu karne kilikuwa hasa mifano ya kutosha na kompyuta zenye nguvu ya kuipitia.

Sasa tuje kwenye mtihani, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika.

Mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita anaweza kupata alama zote kwenye mitihani hiyo hiyo, kisha akafeli swali likibadilishwa kidogo. Modeli nayo hukariri. Ikiwa na vigezo vingi na mifano michache, inaweza kukumbuka kila picha iliyoonyeshwa bila kuelewa lolote la jumla. Ndiyo maana picha hugawanywa: nyingine za kufundishia, nyingine zinafichwa hadi siku ya mtihani. Alama zinazohesabiwa ni za picha zilizofichwa tu.

Hata hivyo, kuficha picha peke yake hakutoshi. Mwaka 2016 watafiti Sharada Mohanty, David Hughes na Marcel Salathé walichapisha utafiti uliotumia picha 54,306 za majani ya mazao 14. Modeli yao ilipatia kwa asilimia 99.35 kwenye picha zilizofichwa. Ni alama ya kushangilia. Lakini watafiti hao, kwa uaminifu unaostahili heshima, waliipima tena kwa picha zilizopigwa katika mazingira tofauti na yale ya picha za kufundishia. Usahihi ulianguka hadi asilimia 31.4. Picha za awali zilikuwa za jani moja moja lililolazwa juu ya mandhari tulivu. Dunia ya nje ina udongo, magugu, vidole vya mkulima, mawingu na majani kumi yaliyolaliana.

Hiyo ndiyo sababu mashamba ya Bagamoyo yalikuwa na umuhimu: picha zilipigwa pale pale muhogo unapoota. Na hata hapo safari haikuisha. Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliowashindanisha Nuru, maofisa ugani na wakulima kutambua dalili kwenye majani, huku majibu ya wataalamu wa muhogo yakiwa ndiyo kipimo. Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maofisa ugani walikuwa kati ya asilimia 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Programu ilipotakiwa kuangalia majani sita ya mmea mmoja badala ya jani moja, usahihi wake ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa taratibu. Zinaonyesha kwamba msaada ni wa kweli, kwa sababu simu inamzidi hata ofisa ugani katika kazi hii moja. Zinaonyesha pia kwamba mtu akisikia mashine fulani inapatia kwa asilimia 99, swali la kwanza liwe: imepimwa wapi, na kwa mifano ya nani? Na kuna jambo la tatu, ambalo pengine ni zuri kuliko yote. Usahihi uliongezeka sana pale watu walipobadilisha namna ya kuitumia programu, yaani kuangalia majani kadhaa ya mmea kama afanyavyo mtaalamu mzuri.

Upande wa pili wa Ziwa Viktoria, Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikilifanyia kazi tatizo hilo hilo tangu mwaka 2010 au kabla. Ernest Mwebaze na wenzake walianza na mbinu za zamani, zile za kuichagulia kompyuta rangi na maumbo ya kuangalia, kisha wakahamia kwenye mitandao ya neva. Kwa kushirikiana na kituo cha taifa cha utafiti wa mazao cha Namulonge, maabara ya Makerere iliandaa zaidi ya picha 21,000 zilizopigwa na wakulima wa Uganda kwenye bustani zao na kupewa majibu na wataalamu. Mwishoni mwa mwaka 2020 picha hizo ziliwekwa kwenye jukwaa la mashindano la Kaggle, na maelfu ya watu kutoka pande zote za dunia wakashindana kuzisoma. Washindi walifika takriban asilimia 91.

Ndani ya picha hizo kuna somo ambalo kila anayeanza anapaswa kulipitia. Picha za batobato ni nyingi mno: takriban tatu kati ya kila tano. Sasa chukua mtu asiyejua chochote, anayejibu "batobato" kwa kila picha bila hata kuitazama. Atapata zaidi ya asilimia 60. Hajatambua ugonjwa hata mmoja, lakini alama zake zinaonekana za maana. Kwa hiyo alama ya jumla haitoshi. Ni lazima kuuliza modeli inapatia kiasi gani kwa kila ugonjwa peke yake, hasa ule wenye mifano michache. Mkulima mwenye ugonjwa adimu hafaidiki na wastani.

Ugonjwa huu wa wastani umewaumiza pia watu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Addis Ababa, walizipima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia kutokana na sura. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Hakuna mhandisi aliyeandika sharti la ubaguzi. Mifumo hiyo ilitoka ikimjua vizuri mtu wa aina moja kuliko mwingine, ikauzwa hivyo hivyo.

Si kila ujifunzaji unahitaji majibu yaliyoandikwa na watu. Kuna ule wa kupanga vitu makundi kwa kufanana kwao, ambao maduka huutumia kuwaelewa wateja. Kuna wa kujaribu na kutuzwa: Arthur Samuel wa kampuni ya IBM, mwaka 1959, alieleza jinsi alivyoifundisha kompyuta kucheza drafti kwa kuiacha icheze dhidi yake yenyewe na kujirekebisha. Na kuna ule wa mifumo ya mazungumzo ya leo, ambapo modeli inasoma maandishi mengi kupindukia na kujizoeza kukisia neno linalofuata. Kiswahili kina wasemaji wengi, lakini maandishi yake kwenye intaneti ni machache ukilinganisha na Kiingereza, na ndiyo maana mifumo hiyo bado huweza kukosea ngeli na methali zetu. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla umekuwa ukikusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili wanaojitolea kusoma sentensi, ili kompyuta zizoee matamshi yetu.

Hata mifumo hiyo ya mazungumzo haikufika ilipo bila jasho la watu. Mwaka 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliosoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili, ili mfumo wa ChatGPT ujifunze kuyaepuka, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Ni haki kusema wazi kwamba malipo hayo hayalingani na uzito wa kazi. Aliyeandika jibu pembeni ya mfano ni mwalimu wa mashine, na mwalimu anastahili kulipwa kama mwalimu.

Kwa mwananchi wa kawaida, mashine hizi zinagusa mfuko moja kwa moja. M-Shwari ilipoanza nchini Kenya mwaka 2012, mtu asiye na hati ya nyumba wala hati ya mshahara aliweza kukopeshwa kwa kuangaliwa alivyotumia simu yake. Tangu hapo huduma za aina hiyo zimeenea, na nyingi humpa mwombaji alama inayokokotolewa na kompyuta kutokana na historia ya watu waliomtangulia. Anayekataliwa mara nyingi huambiwa tu kwamba hajafuzu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na kompyuta peke yake. Haki hiyo ina maana tu kwa anayejua kwamba kulikuwa na modeli, kwamba modeli ilijifunza kwa mifano, na kwamba mifano inaweza kuwa na kasoro. Elimu hii si ya wahandisi pekee.

Na mifano mizuri tunaweza kuikusanya wenyewe. Halmashauri zetu zina maofisa ugani wanaoona magonjwa ya mazao kila siku, na wengi wao wana simu zenye kamera. Wapewe muda, bando na posho ya kupiga picha na kuandika majibu, kisha picha hizo ziwekwe mikononi mwa vyuo vyetu, kwa mpunga, migomba, korosho na mkarafuu.

Na kwa kijana anayetaka kuanza, mlango uko wazi. Lugha ya programu ya Python ni ya bure, na vifaa vingi vya ujifunzaji wa mashine vinavyotumiwa kwa lugha hiyo ni vya bure pia. Picha za majani ya muhogo kutoka Uganda bado zinapatikana Kaggle bila malipo. Anza na mia mbili tu, sawa kwa kila ugonjwa. Gawanya za kufundishia na za mtihani. Modeli yako ikikosea, ifungue picha iliyoishinda uitazame mwenyewe kwa makini, na kama huoni kosa liko wapi, ipeleke kwa mkulima.